Kuchaguliwa polisi wa farasi: wanaangalia nini, na mafunzo yanakwendaje?

Mwanagenzi aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaoijua kazi ya polisi wa farasi kwa undani. Mimi ni askari wa doria, mwaka wa tatu kazini, urefu sentimita 178, uzito kilo 84. Sijawahi kupanda farasi, mnyama niliyemzoea ni punda. Nafasi ikitangazwa kwenye kikosi cha mbwa na farasi nataka kuomba, na sitaki kwenda kubahatisha.

Je, asiyejua kupanda ana nafasi mbele ya anayejua? Uzito wangu ni tatizo? Mafunzo huchukua muda gani, na wengi hukwama wapi? Halafu suala la umati: tuseme siku ya Simba na Yanga pale Uwanja wa Mkapa, farasi anazoeshwa vipi asitimue mbio, na askari aliye juu yake anafanya nini hasa? Majibu ya "jiamini tu" hayatanisaidia, naomba yenye vipimo.

Kwato Nne alijibu:

Mkuu, masharti ya kuomba yasome kwenye tangazo la jeshi lenyewe. Mimi nitaeleza kinachotazamwa siku ya majaribio na sababu yake, maana kazi hii inafanana popote pale farasi wanapotumika.

Kutojua kupanda hakukuzuii. Polisi wa Kanada, RCMP, waliacha kuwafundisha kurutu wote kupanda farasi mwaka 1966. Tangu hapo wanaoingia kwenye kundi lao maarufu la wapanda farasi 32 ni askari waliojitolea wenyewe baada ya kufanya kazi ya kawaida isiyopungua miaka miwili, na wengi wao huwa hawajawahi kupanda. Mantiki yake ni nzuri. Kusoma sura ya mtu, kujua nani ndani ya kundi ni mchochezi na nani amepita tu njia, kutoa amri ikasikika, kukamata kwa mujibu wa sheria, hayo hayafundishiki bandani kwa miezi minne. Kupanda kunafundishika. Na aliyejifunza vibaya huwa na kazi mara mbili: afute alichonacho kwanza, ndipo ajifunze upya.

Uzito tufanye hesabu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba farasi abebe asilimia 20 ya uzito wake, na humo ndani mna kila kitu: mpanda, tandiko, hatamu, redio, rungu, kofia, kinga za miguu. Tandiko la doria na vikorokoro vyake weka kilo 11. Vifaa vya kutuliza ghasia weka 8. Ukijumlisha kilo zako 84 unapata 103. Farasi wa kilo 550 mwisho wake ni 110, kwa hiyo umo. Farasi wa kilo 450 mwisho wake ni 90, huyo umemzidi hata kwa doria ya kawaida. Kwa hiyo jibu linategemea zizi lina farasi gani.

Pasipo na mizani ya mifugo tumia futi kamba. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, upate mzingo kwa sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzingo zidisha kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Mzingo wa 195 na urefu wa 172 unakupa kilo 550. Farasi akinenepa au kukonda utamwona kwenye futi kamba kabla jicho halijagundua.

Sasa siku ya majaribio. Usishangae ukipita siku nzima bila kupanda. Utapewa toroli, reki na banda lenye maranda ya mbao yaliyolowa mkojo. Mwalimu hatazami kasi yako. Anatazama kama unasema na farasi kabla ya kuingia, kama unapita nyuma yake kimyakimya, kama unaacha ndoo katikati ya mlango, na zaidi ya yote unafanya nini farasi akikukanyaga mguu au akikupiga mkia usoni. Anayelipiza kwa kofi hafai, hata awe shupavu namna gani. Wapo wanaokuja kwa sababu farasi anawakuza machoni pa watu, na hao hujulikana siku ya tatu: samadi inawachosha, na kusugua kwato wanaona ni kazi ya mtu mwingine. Askari wa farasi anamhudumia mnyama kabla na baada ya kila doria, hata akirudi saa nane usiku na mvua inanyesha.

Saisi wa Ngong alijibu:

Naongezea hapo kwa farasi, maana wengi huzungumza habari za askari tu na kumsahau mnyama. Huku kwetu Kenya farasi wanaopatikana kwa urahisi ni wale wastaafu wa mbio za Ngong na wa polo. Ni wazuri, wana miguu, wana moyo, na bei yao si ya kutisha. Lakini wengi wako kilo 450 hadi 500. Sasa rudi kwenye hesabu ya Kwato Nne uone askari wa kilo 84 mwenye ngao atatoshea wapi.

Shida ya pili ni kwamba farasi wa mbio amefundishwa maisha yake yote kwamba hatamu ikikazwa anaegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza kasi. Askari mgeni akishtuka anakaza hatamu. Mwaona wenyewe mambo yanavyokwenda. Farasi wa aina hiyo anahitaji miezi ya kufundishwa upya na mpanda mkongwe kabla hajapewa mwanafunzi, si wiki mbili.

Nchi zenye uwezo hupenda farasi waliochanganywa na damu ya farasi wakubwa wa kukokota mizigo: mfupa mnene, kichwa kimetulia, kimo cha begani sentimita 165 na kuendelea. Madume waliohasiwa ndio wanaopendwa, kwa sababu jike akiwa kwenye joto tabia hubadilika na dume mzima haaminiki karibu na majike. Umri wa miaka 4 hadi 8 ni mzuri wa kuanzia. Kwa bara letu, Lesotho wana farasi wao wadogo wa Kibasotho, imara sana milimani, na jina la jeshi lao la polisi mpaka leo linataja farasi. Farasi huyo kwa doria ya mlimani ni dhahabu. Kwa kusukuma umati mjini hafai, ni mfupi.

Kwato Nne alijibu:

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ndugu yangu. Ninapotofautiana ni hapa: farasi mstaafu wa mbio aliyepewa muda ni bora kuliko farasi mkubwa aliyenunuliwa kwa macho. Muhimu ni mkataba wa majaribio. Chukua farasi kwa wiki nne kabla ya kulipa, mpitishe kwenye lami, daraja, pikipiki za bodaboda, maji yanayomeremeta, mwenge wa moto. Farasi anayeshtuka kisha akageuka kutazama kilichomshtua anafundishika. Anayeshtuka akakimbia bila kugeuka, na wiki ya nne bado anafanya hivyo, mrudishe.

Mwanagenzi, nije kwenye mafunzo. Kituo cha Imber Court, Surrey, cha Polisi wa Metropolitan wa London, kimekuwa kikifundisha askari wa farasi tangu kipindi kilichofuata Vita Kuu ya Kwanza, na Afrika Kusini wana chuo chao cha polisi wa farasi pale Potchefstroom. Urefu wa kozi unatofautiana kati ya kikosi na kikosi. Ukipewa wiki 16 za kila siku, mgawanyo wenye akili ni huu.

Wiki tatu za mwanzo ni ardhini na kwenye kamba ya mduara. Mwalimu anamshika farasi kwa kamba ndefu, farasi anazunguka, nawe huna hatamu wala vikuku vya kukanyagia. Mikono kiunoni, kisha mikono mabegani, kisha unazungusha mikono. Miguu inauma, nyonga zinauma, mapaja ya ndani yanachubuka. Wengi huona hii ni adabu ya kijeshi. Sivyo. Mwili unafundishwa kukaa juu ya farasi kwa mizani yake wenyewe, usitafute msaada kwenye hatamu. Anayejishikilia kwa hatamu anamshikilia farasi mdomoni, na lijamu ni chuma juu ya ulimi.

Kuna zoezi moja ambalo lingefanywa kila kozi. Wanafunzi wawili wanakaa chini. Mmoja anashika lijamu kwa vidole vya mikono yote miwili, anafumba macho. Mwenzake anashika hatamu kama aliye juu ya farasi, anainuka na kukaa, anageuza kichwa kutazama nyuma, anachomoa redio kiunoni. Mwenye lijamu anasema "sasa" kila anapohisi mvuto. Utasikia "sasa, sasa, sasa" mfululizo, na mwenye hatamu anaapa hajavuta. Hapo ndipo askari anaelewa farasi anavumilia nini.

Wiki ya nne hadi ya nane ni mwendo: kutembea, troti (mchakamchaka), kenta (mbio za polepole), kusimama, kurudi nyuma hatua tatu tu si kumi, kugeuka, kwenda kimbavu. Shoti yenyewe, zile mbio kamili, haina kazi kubwa mjini. Wiki ya tisa hadi ya kumi na mbili hatamu zinahamia mkono mmoja, wa kushoto, kwa sababu wa kulia unahitajika kwa redio, rungu, kufungua geti. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, Mwanagenzi. Mkao uliokuwa umenyooka kwa mikono miwili unapinda: bega la kulia linakwenda mbele, nyonga inafuata, farasi anaanza kukatisha kushoto, na askari anadhani farasi mkaidi. Dawa ni kurudi kwenye kamba ya mduara siku mbili, bila aibu. Wiki zilizobaki ni barabarani, safu na umati.

Na vitu vidogo ndivyo vinavyowaumiza watu. Mshipi wa tandiko: farasi wengi hujaza kifua hewa unapoufunga. Ukimaliza unaona umekaza, ukipanda tandiko linazunguka mpaka tumboni na wewe nalo. Kaza kiasi, mtembeze hatua ishirini, kaza tena, na baada ya dakika kumi za kupanda kagua mara ya tatu. Vidole viwili bapa vipite kwa shida kidogo. Pale juu ya mabega tandiko lisiguse uti wa mgongo, vidole viwili au vitatu vipite wima ukiwa umekaa. Ukiona nywele nyeupe zimeota pale tandiko linapokaa, ujue kuna mtu alipuuza.

Kumfunga nako kuna namna yake. Usimfunge moja kwa moja kwenye pete ya chuma ukutani. Funga kitanzi cha kamba ya katani nyembamba kwenye pete, kisha kamba ya farasi kwenye kitanzi, kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Farasi akishtuka na kurudi nyuma, katani inakatika. Isipokatika, kitakachokatika ni shingo yake au vidole vyako.

Daktari wa Zizi alijibu:

Ndugu zangu mmeeleza vizuri. Nichangie upande wa afya, maana Dar es Salaam na pwani yote ni mahali pagumu kwa farasi, na askari asiyejua hili atampoteza mnyama huku akidhani amelogwa.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaletwa na virusi vya aina 9, vinavyosambazwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi macheo, hasa baada ya mvua. Farasi asiye na kinga akipata aina yake ya mapafu, uwezekano wa kufa ni mkubwa mno: homa, povu puani, kesho yake hayupo. Punda na pundamilia hubeba virusi hivyohivyo bila kuonyesha dalili kubwa. 

Chanjo ipo, inatengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Hutolewa kwa chupa mbili zenye aina tofauti za virusi vilivyopunguzwa nguvu, zikipishana wiki tatu au zaidi, kila mwaka, kabla ya msimu wa usubi. Farasi apumzishwe kazi nzito baada ya kila chupa. Chanjo peke yake haitoshi. Aingizwe bandani kabla jua halijazama na atoke jua likishachomoza, madirisha yawe na wavu wa matundu madogo.

Hapo kuna mgongano ambao mpangaji wa doria lazima auone. Joto linakwambia umtoe alfajiri na jioni. Usubi unakwambia usimtoe saa hizohizo. Kwa pwani ratiba inayovumilika ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa nne, kisha saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja, katikati kivulini. Mechi ya usiku ikilazimisha, apakwe dawa ya kufukuza wadudu iliyoruhusiwa kwa farasi, na asiwe farasi ambaye chanjo yake imechelewa.

Joto na unyevu vina balaa jingine: farasi anaweza kuacha kabisa kutoka jasho. Unamwona anahema haraka, ngozi kavu, hali wenzake wamelowa. Mtoe kazini papo hapo, mmwagie maji mwili mzima bila kuacha, mpeleke penye upepo. Farasi akirudia hali hiyo, pwani si mahali pake, apelekwe nyanda za baridi.

Vipimo vya kukariri, mkuu, na mtihani utakuuliza: joto la mwili 37.2 hadi 38.3, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia, pumzi 8 hadi 16. Farasi wa kilo 550 anakula takriban kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku, sehemu kubwa iwe majani, na anakunywa lita 30 hadi 50, kwenye joto zaidi. Chumvi gramu 30 hivi kila siku. Chakula kigawanywe mara tatu au nne, kwa sababu tumbo lake ni dogo na hawezi kutapika. Msokoto wa tumbo ndio unaoua farasi wengi mazizini. Akijitazama ubavuni, akikwaruza ardhi kwa kwato, akilala na kuinuka, akikosa kinyesi: ondoa chakula, piga simu kwa daktari, mtembeze polepole. Usimpe dawa ya mtu.

Kisha makosa matatu ambayo huku kwetu yanatokea kwa sababu farasi anahesabiwa kama ng'ombe. La kwanza, dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi. Kwa farasi inasimamisha utumbo. Soma lebo, hata kama kupe wamemjaa. La pili, chakula cha kiwandani cha kuku au ng'ombe chenye dawa ya monensini, ambayo kwa kiasi kidogo tu inaharibu moyo wa farasi. La tatu, pumba au mahindi yenye ukungu, yanayoozesha ubongo wake. Farasi anapoanza kuzunguka na kugonga kuta, umeshachelewa. Gunia la pumba likinusa uvundo, litupwe, hata kama bajeti inalia.

Mwanagenzi aliandika:

Nashukuru sana wakuu, hapa nimepata darasa. Bado suala la umati. Na swali dogo: kuzoea punda kunanisaidia au kunaniharibia? Kuanguka nako naomba mnieleze ukweli.

Kwato Nne alijibu:

Punda anakusaidia kusoma masikio, mkia na macho. Anakuharibia mahali pawili. Punda huku kwetu hupandwa nyuma, karibu na makalio. Farasi ukimkalia hapo unambebesha kiunoni, sehemu yake dhaifu. Kaa mara tu baada ya mabega. Pili, punda akiogopa anaganda, unapata muda wa kufikiri. Farasi akiogopa anakimbia kwanza.

Kuanguka utaanguka. Ukiona tandiko limeshakuacha, achia hatamu, toa miguu kwenye vikuku, kunja mikono kifuani, jiviringishe mbali na kwato. Anayenyoosha mkono kujikinga huvunja kifundo. Farasi akitimua mbio, usivute hatamu zote mbili mfululizo, utampa kitu cha kuegemea. Kaa chini, toa pumzi, vuta na kuachia, vuta na kuachia, kisha mpeleke kwenye duara kubwa unalolipunguza pole pole. Duara dogo la ghafla juu ya lami linamwangusha, maana chuma juu ya lami kinateleza. Ndiyo sababu viatu vya farasi wa barabarani huwekwa vijiti vya chuma kigumu, na hubadilishwa au kupangwa upya kila wiki nne hadi sita.

Sasa kumzoesha vishindo. Makosa ya kawaida ni kumpeleka farasi kwenye ngoma na kumshikilia pale mpaka "azoee". Hazoei, anajifunza kwamba ngoma huja na maumivu ya mdomo. Fanya kinyume: ngoma ndiyo imkimbie. Mpigaji anatangulia mita 40 akienda mbele, farasi anamfuata nyuma pamoja na farasi mmoja mzee asiyejali. Kiumbe anayekifuata kitu hujiona mkubwa kuliko kitu hicho. Akishusha kichwa na kutafuna mate, ngoma inanyamaza. Ukimya ndio malipo yake. Kila kipindi dakika 15 hadi 20, na mwisho wake uwe pale alipofaulu. Baada ya ngoma, vuvuzela. Baada ya vuvuzela, turubai linalopepea, miavuli inayofunguka, mipira inayorushwa, moshi, na mwisho kabisa fataki. Usichanganye vitu viwili vipya siku moja.

Na mpanda naye anazoeshwa. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2009 jaribio la kupendeza. Watu waliongoza au kupanda farasi kupita mbele ya msaidizi mwenye mwavuli, mara nne. Kabla ya mara ya nne waliambiwa mwavuli utafunguliwa. Haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi vilevile, na farasi hakuambiwa neno. Kwa hiyo mwalimu anayekutazama kwenye mazoezi ya ghasia anatazama kifua chako: unapumua au umezuia pumzi?

Lijamu alijibu:

Nimekuwa nasoma kimya, hapa kwenye umati naomba niingie.

Umati hausukumwi kwa kifua cha farasi. Kifua kinaumiza, na mtu aliye mbele haoni njia ya kutoka. Unageuza ubavu, farasi anakwenda kimbavu hatua kwa hatua, mguu wako wa upande wa pili ukimbana taratibu. Ubavu wa farasi ni mpana, ni laini, unasogea pole pole, na watu huuachia nafasi bila kujua wameiachia. Mfano unaojulikana duniani kote ni fainali ya Kombe la FA, Wembley, tarehe 28 Aprili 1923, Bolton na West Ham. Mashabiki walioingia walizidi sana uwezo wa uwanja, wakafunika nyasi zote. Konstebo George Scorey na farasi wake wa kijivu, Billie, pamoja na askari wenzake, waliwarudisha nyuma mpaka mistari ya pembeni, na mechi ikachezwa dakika 45 hivi baada ya muda wake. Hakukuwa na mbio pale. Kilikuwa ni kichwa na mkia wa farasi, hatua moja moja, na maneno ya upole.

Ukiwa pale Mkapa, jambo la kwanza ni kujua watu watatokea wapi. Kabla farasi hajasogea, kamanda aonyeshe njia iliyo wazi, na watu waione. Usimsukume mtu yeyote kuelekea ukuta, uzio au geti lililofungwa. Farasi wanafaa kazi mita 50 au 100 kabla ya geti, kupunguza mkondo na kuupanga foleni. Mlangoni penyewe, watu wakiwa wamebanana, farasi ni hatari kwa sababu hakuna anayeweza kumpisha. Watu wakiketi chini, farasi wanasimama. Kwa mtoto, mlemavu au aliyeanguka ni vivyo hivyo: unasimama, unaita askari wa miguu.

Farasi hafanyi kazi peke yake. Ni wawili wawili, na kichwa cha wa nyuma kiko usawa wa nyonga ya wa mbele, ili mtu asipite nyuma ya kwato. Farasi anaona karibu pande zote, lakini ana sehemu asiyoiona mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Anayeguswa pale nyuma bila kuona hupiga teke kabla hajafikiri. Kila dakika chache mgeuze kidogo aone kilichoko nyuma yake. Kioo cha plastiki machoni, kinga za pua na za magoti avalishwe mazoezini tangu wiki za mwanzo, asije akavishwa kwa mara ya kwanza siku ya ghasia. Na asitoke mwenyewe bila maji: gari lenye ndoo na farasi wa akiba liwe karibu, zamu isizidi saa nne.

Mwanagenzi aliandika:

Mungu awabariki. Nina kama miezi mitatu. Nianze na nini nyumbani, na siku ya majaribio nivae nini?

Kwato Nne alijibu:

Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino vishuke chini ya ukingo, dakika mbili, mara tano kwa siku. Ndio mkao wa kikuku. Nyoosha nyonga na misuli ya nyuma ya mapaja kila jioni. Nyanyua kitu cha kilo 11 hadi usawa wa kidevu na kukiweka taratibu bila kishindo, mara ishirini, maana tandiko likitupwa juu ya mgongo farasi halisahau. Na jifunze kukwangua kwato hata kwa punda: anza kisiginoni kwenda kidoleni, safisha mifereji miwili ya pembeni ya ile nyama yenye umbo la V, na ukikuta harufu kali na uchafu mweusi, mwambie mwenye punda banda lake limelowa.

Viatu vya doria vyenye soli ya meno usije navyo, vinanasa kwenye kikuku na ndivyo mtu anavyoburutwa. Vaa buti lenye soli laini na kisigino cha sentimita 2 hivi. Pima upana wa soli pale penye upana zaidi, ongeza sentimita 2.5, kisha mwombe saisi, yule mtunza farasi, kikuku cha upana huo kabla hujapanda.